Bakteria wanaotoa umeme: tusiuziwe taa, tuulizie maji machafu ya Mji Mkongwe

Leo tunaweka pembeni kidogo mambo ya vyama na uchaguzi, tunaingia kwenye sayansi. Msikimbie lakini, maana mwisho wa habari hii ni siasa ile ile tuliyoizoea: nani analeta mradi, nani anaamua, na uchafu wetu unaishia wapi.

Kila baada ya muda inazunguka habari kwenye simu zetu yenye kichwa kikubwa: "Wanasayansi wapata bakteria wanaotoa umeme kutoka maji ya chooni." Halafu chini yake mtu anaandika, "Mbona hawaji Zanzibar?" Wengine wanacheka, wengine wanatukana serikali, mjadala unaishia hapo. Mimi niliamua kuifuatilia. Nilichokikuta ni kwamba habari yenyewe ni ya kweli, ila tunaisoma kwa kuanzia mkiani.

Tuanze na kiza, maana ndicho kinachotufanya tuamini kila kitu.

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulizimika Unguja nzima. Haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Takriban mwezi mzima. Mliokuwepo mnakumbuka: mishumaa, vibatari, makelele ya jenereta kila kichochoro, na zaidi ya yote madumu ya maji, kwa sababu pampu za maji nazo zinakula umeme huo huo. Tukadhani tumejifunza. Disemba 2009 ukazimika tena, na safari hii tukakaa mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea waya mmoja uliolala chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, waya wa megawati 45 uliowekwa mwaka 1980. Waya mpya wa megawati 100, uliolipiwa na pesa za Wamarekani kupitia mfuko wa MCC, ulianza kazi mwaka 2013.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka ule ule wa 2008 ambao sisi tulikuwa gizani, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, wengi wao vijana wa Kiafrika na mmoja wao Mtanzania, walikwenda kijiji cha Leguruki, kule Meru mkoani Arusha, wakiwa na betri za udongo. Kampuni yao waliiita Lebônê. Ndani ya chombo unaweka samadi na tope, unaweka kitambaa cha kaboni chini, wavu wa chuma juu, maji ya chumvi, na bakteria waliomo kwenye tope wanafanya kazi. Lengo lilikuwa kuwasha taa ndogo ya LED jioni. Benki ya Dunia ikawapa dola 200,000 mwaka huo huo kupitia mpango wake wa Lighting Africa. Magazeti ya nje yakawapamba kweli kweli.

Basi nenda leo Darajani ukaulizie betri ya samadi. Utaoneshwa sola. Sola za kila saizi, za Kichina, nzuri na mbovu. Kinyasini kuna akina mama waliofundishwa kufunga sola na wanazifunga vijijini. Betri ya bakteria huikuti dukani. Kwa nini? Hapo ndipo penye somo.

KWANZA, BAKTERIA ANATOAJE UMEME?

Mimi na wewe tukila chakula, mwili unakivunja na kutoa elektroni, vile vipande vidogo mno ambavyo vikitembea kwenye waya tunaviita umeme. Elektroni hizo lazima zikabidhiwe kwa kitu fulani mwishoni, zisikwame. Sisi tunazikabidhi kwa oksijeni, ndiyo maana tunavuta pumzi. Ukikosa oksijeni dakika chache, kwisha habari yako.

Sasa kuna bakteria wanaoishi kwenye tope ambamo oksijeni haifiki. Nenda Maruhubi maji yakitoka, uchimbue lile tope jeusi la mikokoni. Harufu ya yai viza itakupiga. Ile ni alama ya bakteria ambao badala ya oksijeni wanatumia salfeti ya maji ya bahari. Wenzao wengine wanakabidhi elektroni kwa kutu na mawe yenye chuma. Wanavuta pumzi kwa kutumia chuma, tuseme hivyo.

Wawili kati yao ndio maarufu. Geobacter alipatikana mwaka 1987 kwenye tope la mto Potomac, Marekani, na mtafiti Derek Lovley. Mwaka uliofuata, 1988, Kenneth Nealson na mwenzake wakaandika kuhusu bakteria wa ziwa Oneida, New York, ambaye leo anaitwa Shewanella oneidensis. Ukimuweka bakteria wa aina hiyo mahali pasipo na oksijeni, ukampa kipande cha kaboni badala ya jiwe, anakabidhi elektroni zake kwa ile kaboni. Ukiunganisha waya kutoka kaboni hiyo mpaka kipande kingine kilicho kwenye hewa, umeme unatembea. Hiyo ndiyo betri ya bakteria. Wazo lenyewe ni la zamani: Mwingereza Michael Potter alipima umeme wa vijidudu mwaka 1911 kule Durham.

Lakini kuna kizuizi. Bakteria amezungukwa na ngozi ya mafuta, na mafuta hayapitishi umeme. Elektroni ziko ndani, jiwe liko nje. Zinapitaje?

Hapa ndipo zinapoingia protini. Umewahi kuona watu wanapandisha zege ghorofani? Wanajipanga kwenye ngazi, karai linatoka mkono huyu kwenda mkono ule mpaka juu, hakuna anayetembea. Shewanella amefanya vile vile. Ana protini inaitwa MtrA upande wa ndani wa ukuta wake wa nje, ana MtrB ambayo imetoboa ukuta kama bomba la PVC, na ana MtrC inayochungulia nje. Ndani ya MtrA na MtrC mmepangwa vipande vya himu, kile kile kipande chenye chuma kinachofanya damu yako iwe nyekundu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha umbo kamili la mtambo huu kutoka kwa ndugu yake Shewanella: himu 20 zimepangana karibu karibu, elektroni inaruka kutoka moja kwenda nyingine mpaka inatoka nje. Geobacter yeye kaenda mbali zaidi, anatoa nyuzi ndefu nje ya mwili wake. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni vinyweleo vya kawaida, lakini mwaka 2019 picha za hadubini kali zilionesha nyuzi walizozichunguza zimejengwa kwa protini yenye himu, mstari mzima. Waya, tena wa kuzaliwa nao.

Subhana Allah. Kitu kimo kwenye tope tunalolikanyaga.

PILI, WANAZIBADILISHA VIPI?

Sasa wanasayansi wakajiuliza: Shewanella na Geobacter wanachagua chakula. Kwa nini tusichukue jeni za zile protini tukampa bakteria mwepesi kumlea? Mwaka 2010 kikundi cha Caroline Ajo-Franklin, wakati huo akiwa maabara ya Berkeley, kilimpa E. coli zile protini tatu za Mtr. E. coli ambaye hana kawaida ya kutoa elektroni nje akaanza kuzitoa. Kidogo, lakini akazitoa.

Halafu wakagundua jambo la kuchekesha. Ukimlazimisha bakteria kutengeneza protini hizo kwa wingi sana, umeme hauongezeki, unaweza hata kupungua. Bakteria anachoka, ukuta wake unajaa mabomba, hakui vizuri. Ukimwambia atengeneze kwa kiasi, anafanya kazi bora. Yaani hata kwa bakteria, kumbebesha mtu kazi tano sio kumpa tija. Wakubwa wa maofisini wangesoma hapo.

Mwaka 2023 timu ya Ardemis Boghossian kule Lausanne, Uswisi, ilimpa E. coli njia nzima ya elektroni, kutoka ndani kabisa mpaka nje, na wakasema wamepata umeme mara 3 ya mbinu za kabla yao. La maana zaidi, walimpeleka kwenye maji machafu ya kiwanda cha bia. Bakteria wa umeme wa asili aliyelinganishwa naye alishindwa kuishi humo, huyu wa kutengenezwa akastawi.

Hiyo ndiyo habari inayozunguka kwenye simu. Ni kweli, ni kazi kubwa. Ila mara 3 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo.

TATU, HEBU TUPIGE HESABU

Betri moja ya bakteria inatoa chini ya volti 1. Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, ndicho kimefanya majaribio mengi ya mitaani. Mwaka 2013 walichaji simu kwa mkojo, wakapata muda wa kutuma ujumbe na kupiga simu fupi. Mwaka 2015 wakajenga choo cha mkojo kwenye tamasha la muziki la Glastonbury, chenye betri 432 za bakteria, kinatumiwa na mamia ya watu kwa siku. Wastani wa umeme uliopatikana? Miliwati 300 hivi. Theluthi moja ya wati 1, haifiki.

Chaja ya kawaida ya simu ni wati 5. Kwa hiyo unahitaji vyoo kama 17 vya aina ile kuchaji simu moja kwa kasi yake ya kawaida. Ukitaka kufikia ule waya wa Fumba wa megawati 100, utahitaji vyoo zaidi ya milioni 300. Watu wote wa Afrika Mashariki wakojoe Unguja na bado hatufiki.

Utaniambia, si wanaboresha protini? Ndiyo. Lakini kikwazo sio protini peke yake. Chakula kilichomo kwenye maji machafu kina kikomo. Elektrodi zinachakaa na kuziba. Ukikuza chombo, nguvu haiongezeki kwa kiwango kile kile. Protini bora zaidi duniani haiwezi kutoa nishati ambayo haimo kwenye uchafu. Jua la saa sita mchana pale Jang'ombe linakupa zaidi kwenye kipande cha sola cha saizi ya daftari.

Kwa hiyo ndugu yangu, atakayekuja kukwambia bakteria watatuokoa na kukatika kwa umeme, mkaribishe kahawa, umsikilize, halafu umuage.

NNE, PENYE FAIDA NI WAPI?

Tusiitupe lakini. Tuangalie pale ilipofanya kazi. Mwaka 2017 wale wa Bristol walifunga mtambo wao skuli ya wasichana ya Seseme, Kisoro, kule Uganda karibu na mpaka wa Rwanda na Kongo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuwasha taa za choo usiku ili mtoto wa kike asiogope kwenda. Baadae wakapeleka na Nairobi, Mathare, kwenye skuli. Hawakuahidi kuwasha kijiji. Haja ilikuwa ndogo, na mafuta ya mtambo, yaani mkojo, yalikuwa pale pale. Na bakteria waliotumika ni wa asili, mchanganyiko waliojiotea wenyewe. Hakuna jeni iliyobadilishwa.

Vile vile mwaka 2008, mwaka wetu wa kiza, watafiti wa jeshi la majini la Marekani walionesha kwamba betri iliyozikwa kwenye tope chini ya maji inaweza kuendesha boya la kupima hali ya hewa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na tope la bahari halikosi chakula. Haja ndogo, mahali ambapo kubadilisha betri ni taabu. Hapo inafaa.

Sasa tuje kwetu. Mji Mkongwe una mfumo wa maji machafu ambao sehemu kubwa ni ya zama za ukoloni. Kwa miaka mingi mabomba yake yamekuwa yakimwaga baharini kando ya mji, bila kusafishwa. Sio siri, watafiti wameandika, na mwaka 2012 ulichapishwa utafiti juu ya athari za maji hayo kwenye matumbawe ya visiwa vilivyo mbele ya mji. Vijana wanaruka kutoka ukuta wa Forodhani kila jioni, watalii wanapiga picha, sisi tunajua kilichomo na tunanyamaza. Mji wa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, halafu choo chake ni bahari. Tulivyopata kipindupindu 2015 na 2016, Zanzibar ilihesabu wagonjwa zaidi ya 4,000. Kipindupindu kina njia nyingi, ila zote zinapita kwenye uchafu wa binadamu.

Kwa nini hatujengi mtambo wa kusafisha kama wenzetu? Pesa, ndiyo. Ila kuna jambo jingine halisemwi. Mtambo wa kawaida wa kisasa unasafisha kwa kupuliza hewa ndani ya maji machafu usiku na mchana ili bakteria wapate oksijeni. Kupuliza huko peke yake kunakula takriban nusu ya umeme wa mtambo mzima. Fikirieni mtambo kama huo mwaka 2008. Mwezi mzima hakuna umeme. Ungesimama siku ya kwanza, na uchafu ungeendelea kuja.

Hapa ndipo bakteria wa umeme wana maana kwetu. Ukimpa elektrodi badala ya oksijeni, humpulizii hewa. Anakula uchafu, anakabidhi elektroni kwenye kaboni, maji yanapungua uchafu bila ya pampu ile kubwa. Umeme mdogo unaotoka ni bakshishi tu. Faida ya kweli ni umeme ambao hukuutumia. Kwa kisiwa kinachotegemea waya chini ya bahari, kusafisha maji bila kutegemea waya ule sio mchezo.

Na kuna faida ya pili ambayo mimi naiona kubwa zaidi, na hii ndiyo inayohitaji protini za kutengenezwa kweli kweli. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, akiwemo yule yule Ajo-Franklin, walichapisha kazi ya E. coli ambaye njia yake ya elektroni imewekewa swichi. Kemikali fulani ikiwepo kwenye maji, swichi inafunga, umeme unapita. Isipokuwepo, hakuna umeme. Jibu linapatikana ndani ya dakika chache, wakati sampuli za maabara zinaweza kuchukua siku. Hapo huhitaji wati. Unahitaji alama tu, ndiyo au hapana. Umeme mdogo ambao tulikuwa tunaucheka hapo juu, hapa unatosha.

Sasa jiulize, tungekuwa na vipimo vya namna hiyo pale mabomba yanapomwaga, vinatoa namba kila saa na kila mtu anaziona kwenye simu yake, nani angeweza kusimama jukwaani kusema "bahari yetu ni safi"? Ndiyo maana nasema hii ni siasa.

TANO, TUSIDANGANYWE UPANDE WA PILI PIA

Haki lazima isemwe. Betri za bakteria zinakula uchafu wa kaboni, lakini haziwezi kuhakikisha zimeua vijidudu vya maradhi. Kipindupindu hakiogopi elektrodi. Na naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo zinalisha mwani unaofunika matumbawe, haziondoki hivi hivi. Bado utahitaji hatua nyingine baada yake, mabwawa au dawa. Atakayekuuzia mtambo mmoja unaomaliza kila kitu, rudi kwenye ile kahawa.

Halafu kuna suala la jeni. Bakteria wa maabara wengi wanabeba zile jeni mpya kwenye kipande cha duara, na ili wasikitupe, mara nyingi kipande hicho huwekewa pia jeni ya kuhimili dawa ya antibaiotiki. Bakteria wana tabia ya kugawiana vipande hivyo kama vijana wanavyogawiana nyimbo. Ukimwaga kiumbe kama huyo kwenye bomba la maji taka ambalo tayari limejaa vijidudu vya hospitali na majumbani, unaongeza mzigo kwenye tatizo la dawa kutofanya kazi. Zipo njia za kuzuia: jeni kupandikizwa kwenye jeni kuu za bakteria bila alama ya dawa, bakteria kufungiwa ndani ya chombo, bakteria kuwekewa masharti ya kufa akitoka. Lakini lazima mtu aulize, na lazima awepo wa kujibu.

Kwetu nani atajibu? Mazingira sio suala la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya mwaka 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Tanzania Bara ina kanuni zake za viumbe vilivyobadilishwa jeni, na tuliona wenyewe Novemba 2018 serikali ilivyosimamisha majaribio ya mahindi pale Makutupora, Dodoma. Ukubaliane nao au usikubaliane, kulikuwa na shamba linalojulikana, mtu wa kuamua na uamuzi. Bakteria hawana shamba. Hawana uzio. Maji ya Malindi hayajui mpaka wa Muungano. Mjadala huu ni bora tuufanye kabla mradi haujashuka bandarini, sio baada.

KWA HIYO TUFANYE NINI?

Mtazamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunipinga. Mtu akija na mradi wa bakteria wa umeme, sisi tumuulize maswali manne tu:

1. Wati ngapi, kwa muda gani, kwa bei gani ukilinganisha na sola ya Darajani?
2. Maji yakiingia machafu kiasi gani, yanatoka masafi kiasi gani, na nani anapima?
3. Bakteria ni wa asili au wametengenezwa? Kama wametengenezwa, jeni ya dawa imo au haimo?
4. Mkiondoka, nani hapa kwetu anajua kuutengeneza?

Hilo la nne ndilo lililozika miradi mingi kuliko sayansi mbovu. Na ndipo nawageukia vijana wa SUZA na wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Kuanza hakuhitaji jeni wala mamilioni. Ndoo, tope la mikokoni, vipande viwili vya kaboni, waya na mita ya umeme ya fundi. Pima tope la Maruhubi, la Chwaka, na la pale bomba linapomwaga. Andika namba kila siku kwa miezi mitatu. Bakteria wetu wa hapa, wa joto letu na chumvi yetu, wana protini gani? Geobacter alitoka kwenye tope la mto, Shewanella kwenye tope la ziwa, mtu aliinama akachota. Hakuna sheria inayosema atakayefuata lazima achotwe Marekani.

Tukisubiri taa, tutaambiwa hadithi ya Leguruki kila baada ya miaka kumi. Tukiulizia maji machafu, angalau tutakuwa tumeuliza swali lenye jibu.

Haya wadau, nimemaliza yangu. Hasa mnaokaa karibu na ufukwe, Malindi, Mizingani, Shangani: hali ikoje mtaani kwenu maji yakitoka? Na mliosomea baiolojia, kama nimeteleza mahali nisahihisheni hapo chini, ila kwa hoja, sio kwa matusi. Tujadili.